Gari la Porini la Mtumba: Kulipata kwa Bei Nafuu na Kulijenga Upya

Bei ya gari la porini lililotumika haifuati kanuni inayotawala magari mengine ya mtumba katika Afrika Mashariki. Gari dogo la mjini hupoteza thamani mwaka hadi mwaka mpaka likaishia kuuzwa kwa bei ya chuma chakavu, ilhali Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, au Land Rover Defender ya asili, ambayo uzalishaji wake ulikoma huko Solihull, Uingereza, Januari 2016, hufika umri fulani ambapo bei husimama, na pengine huanza kupanda tena. Sababu moja ni ya kisheria. Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na Tanzania, ingawa haikuweka marufuku ya namna hiyo, hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozeeka, kiasi kwamba jumla ya kodi inaweza kuikaribia au kuizidi bei ambayo gari lilinunuliwa Japani. Sababu ya pili ni ya kiufundi: injini za dizeli za zamani, zinazopelekewa mafuta na pampu ya mitambo mitupu bila kompyuta, hutengenezeka Mpanda au Lodwar kwa spana na uzoefu, na mwenye gari la namna hiyo anajua vizuri kwamba hatapata jingine kwa urahisi akiliuza.

Kwa hiyo mtu mwenye fedha kidogo anayetaka gari la kufika shambani msimu wa masika, la kupandia milima ya Usambara au la kuvukia makorongo ya Turkana, hawezi kulitegemea soko limfanyie hisani. Unafuu wa gari la aina hii haupatikani katika bei ya kununulia peke yake. Hutokana zaidi na uzima wa chasisi, ukamilifu wa karatasi, na uwezo wa mwenye gari kujizuia baada ya kulinunua. Hilo la tatu ndilo gumu kuliko yote, na ndilo lisilozungumzwa gereji, kwa kuwa fundi hapati riziki kutokana na kazi ambayo mteja ameamua kutoifanya.

Kabla ya kutaja chapa, yafaa kueleza ni kitu gani hasa kinachotafutwa, maana kuinuka kwa gari na gurudumu la akiba lililofungwa mgongoni havisemi lolote kuhusu uwezo wake pale lami inapokwisha. Gari la porini kwa maana ya kiufundi huwa na chasisi ya ngazi, yaani miimo miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa kwa vyuma vya kukingama, ambayo juu yake huwekwa bodi kama kitu cha pekee kinachoweza kufunguliwa. Huwa pia na transfa, ambayo ni gia boksi ya pili, ndogo, inayopokea nguvu kutoka gia boksi kuu na kuigawa kwenda ekseli ya mbele na ya nyuma, na ambayo ndani yake mna gia nzito inayopunguza mwendo na kuongeza nguvu ya kuzungusha magurudumu kwa takriban mara mbili au zaidi. Alama ya 4L kwenye kijiti kifupi kilicho kando ya kijiti cha gia ndiyo inayoonesha gia hiyo. Toyota RAV4, iliyoingia sokoni mwaka 1994, ni gari jema la barabara ya vumbi na imeenea kote Afrika Mashariki, lakini bodi yake ndiyo fremu yake na haina gia nzito, hivyo fedha inayotumika kulifanya liwe gari la porini ni fedha inayomwagwa mchangani.

Jambo jingine linalopaswa kueleweka mapema ni kazi ya difu, yaani kile kitovu cha ekseli kinachoyaruhusu magurudumu mawili ya upande huu na ule kuzunguka kwa kasi tofauti gari likipinda kona. Difu ya kawaida huyapa magurudumu hayo mawili nguvu iliyo sawa, na sawa hiyo ina hasara yake: gurudumu moja likikosa mshiko na kuzunguka bure kwenye tope, lenzake lililo kwenye ardhi ngumu nalo haliambulii zaidi ya nguvu ileile ndogo. Ndiyo maana gari linaloitwa la magurudumu yote manne linaweza kukwama huku magurudumu mawili tu yakizunguka, moja la mbele na moja la nyuma, na ndiyo maana urefu wa kusogea wa springi, unaoliwezesha kila gurudumu kuifuata ardhi, una thamani kubwa kuliko nguvu za injini. Magari mengi ya zamani, kwa upande wake, hayana difu ya katikati kati ya ekseli mbili. Dereva anapoweka 4H, yaani magurudumu yote manne bila gia nzito, ekseli ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja. Magurudumu ya mbele hupita njia ndefu zaidi kwenye kona kuliko ya nyuma, na tofauti hiyo juu ya mchanga humalizwa na tairi kuteleza kidogo, lakini juu ya lami kavu hubanwa ndani ya transfa na propela mpaka kitu kivunjike. Gari la mkononi ambalo mwenye nalo wa awali hakulijua hilo huwa na transfa inayovuma, na mvumo huo husikika vizuri zaidi dirisha likiwa limefungwa na redio ikiwa imezimwa, mambo ambayo madalali wengi hawayapendi.

Land Rover ndiyo iliyotangulia. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, ikaingia katika serikali za kikoloni, polisi, misheni na mashamba makubwa, na baadaye baadhi ya zilizotumika Kenya ziliunganishwa Thika. Zinazopatikana kwa bei ya mtu wa kawaida leo ni zile za Series III, zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985, pamoja na One Ten, iliyoingia mwaka 1983 ikiwa na springi za koili badala ya springi za majani. Mnunuzi mgeni huiangalia bodi yake, akaona haina kutu, akafurahi. Lakini bodi hiyo ni ya aluminiamu, ambayo haioti kutu nyekundu hata ikilazwa nje miaka 20, wakati chasisi iliyo chini yake ni ya chuma na huoza kutoka ndani, hasa kwa magari yaliyoishi Tanga, Mombasa au Zanzibar. Huoza vilevile ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha dereva, hususan kwenye pembe za chini karibu na miguu, na kiungo cha kukingama cha nyuma kinachobeba ndoano ya kuvutia. Katika Series, shafti za ekseli ya nyuma ni dhaifu, na dereva anayeachia klachi kwa pupa akiwa amekwama huzikata. Kuhusu injini, anayekaa mbali na miji hufaa kupendelea dizeli za 200Tdi au 300Tdi kuliko Td5, iliyoanza mwaka 1998 na ambayo haiwaki pasipo ridhaa ya kompyuta yake.

Land Cruiser ya mfululizo wa 70 haihitaji kusifiwa. Yeyote aliyewahi kusafiri kwenda kijijini kwa gari la zahanati anaijua. Sifa yake imesimama juu ya injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita yenye ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, isiyo na tabo, iliyoanza kufungwa mwaka 1990. Ni injini isiyo na haraka na isiyo na makuu, ambayo takwa lake moja lisilosamehe ni mkanda wa taiming kubadilishwa kila kilomita 100,000. Kasoro ya Land Cruiser kwa makala haya ni bei tu. Inapoonekana ya bei rahisi, mara nyingi kuna sababu, na sababu hiyo hukaa ama kwenye chasisi iliyopasuka kwa kubebeshwa mizigo ama kwenye kadi yake.

Kwa maoni ya makala haya, mwenye bajeti finyu hupata thamani kubwa zaidi katika Suzuki, ijapokuwa udogo wake huwafanya wengi waidharau. SJ410 ya mwaka 1981 na SJ413 iliyofuata mwaka 1984 zina chasisi ya ngazi, ekseli ngumu mbele na nyuma, gia nzito, na uzito usiozidi tani moja. Wepesi huo huzifanya zielee juu ya tope linalomeza gari la tani mbili, na zikikwama, watu wanne wanaweza kuzinyanyua upande. Jimny ya mwaka 1998 ilihifadhi ekseli hizo ngumu ikaongeza springi za koili. Lakini gari lililojaa zaidi katika yadi na vijiwe vya madalali ni Escudo ya kizazi cha kwanza, iliyoanza mwaka 1988, ambayo nchi nyingine huitwa Vitara. Nayo ina chasisi ya ngazi na gia nzito, ina injini ya lita 1.6 ambayo fundi yeyote wa mtaani anaijua, na ina nafasi ya familia. Upungufu wake uko mbele, ambako magurudumu hayakuunganishwa kwa ekseli moja ngumu bali kila moja lina mkono wake, na ambako ganda la difu katika matoleo mengi ni la aluminiamu, hivyo hupasuka likipigwa na jiwe. Bamba la chuma la kulikinga, linaloweza kukatwa na kupindwa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa nusu siku, linafaa kufungwa kabla ya taa yoyote ya ziada.

Toyota Hilux Surf na Prado za miaka ya 1990 huvutia kwa sababu zina kila kitu kinachohitajika, pamoja na starehe, kwa bei iliyo chini ya Land Cruiser. Tahadhari inahitajika kwa zile zenye dizeli ya 1KZ-TE ya lita tatu, kwa kuwa kichwa cha silinda chake hupasuka injini ikipata moto kupita kiasi. Dalili yake ni maji ya rejeta yanayopungua bila kuvuja popote, na mpira wa rejeta unaobaki mgumu kwa msukumo wa gesi hata baada ya injini kupoa.

Baada ya chapa hufuata mahali pa kununulia. Yadi za magari yaliyotoka Japani huuza gari safi, ambalo halijawahi kuonja barabara za hapa, lakini bei yake tayari imebeba kodi yote. Minada ya serikali, mashirika ya umma na miradi ya wafadhili ndiyo chimbuko la kale la magari ya porini ya bei nafuu, na kila anayeyafuatilia Tanzania huyatambua kwa namba zake, kama STK au STL za serikali na DFP za miradi inayofadhiliwa. Huuzwa yalivyo na mahali yalipo, bila dhamana na mara nyingi bila ruhusa ya kuyawasha, na katika miezi ya kusubiri uamuzi wa kuuzwa vipuri hupungua kimoja kimoja: betri kwanza, kisha nozeli, kisha starta, hata gari likafika siku ya mnada likiwa na bodi nzima na moyo wa kuazima. Gari la mradi lina jambo jingine tena. Liliingia nchini kwa msamaha wa kodi, na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inataka kodi hiyo ilipwe pale mali iliyosamehewa inapokwenda mikononi mwa mtu asiyestahili msamaha. Mnunuzi anayepandisha bei mnadani bila kuuliza ni nani atakayelipa kodi hiyo anaweza kujikuta amelinunua gari mara mbili.

Soko la mkononi ndilo pana kuliko yote, na hapo herufi ya namba ya gari huheshimiwa kupita kiasi. Watu husema gari ni la namba A, namba C au namba D, nao hupanga bei kwa herufi hiyo, ilhali inachokionesha ni wakati gari liliposajiliwa Tanzania tu. Escudo ya mwaka 1992 iliyoingizwa ikiwa na miaka 20 itakuwa na namba changa na chasisi kongwe. Kadi ya usajili ndiyo inayostahili kusomwa, na kusomwa kwake ni kulinganisha namba ya chasisi na namba ya injini zilizoandikwa humo na zile zilizogongwa kwenye chuma. Magari ya porini hubadilishwa injini kuliko magari mengine yote. Land Rover yenye dizeli ya Toyota au Isuzu si ajabu katika barabara yoyote ya mikoani, na mara nyingi ni ndoa njema, lakini injini isiyoandikwa katika kadi humletea mnunuzi usumbufu siku ya kuhamisha umiliki na siku ya kudai bima. Madeni ya faini za barabarani na mkopo ambao gari limewekwa dhamana navyo huthibitishwa kabla ya fedha kutoka mkononi.

Ukaguzi wenyewe huanzia chini, na huanza injini ikiwa baridi. Muuzaji anayelileta gari likiwa limeshawashwa na kupashwa moto humnyima mnunuzi habari muhimu kuliko zote, kwa sababu dizeli iliyochoka husita kuwaka asubuhi na huwaka bila shida ikishapata joto. Moshi mweupe unaoendelea baada ya dakika chache na wenye harufu ya dizeli ni wa mafuta yasiyoungua, ambayo husababishwa na mgandamizo hafifu au nozeli mbovu. Moshi mweupe wenye harufu tamutamu ni wa maji ya rejeta yanayoingia ndani ya silinda. Wa bluu ni wa oili. Mweusi ni wa mafuta mengi kuliko hewa, na huo ndio rahisi kuponywa, maana aghalabu chujio la hewa limeziba. Kifuniko cha kujazia oili kikilegezwa injini ikiwa inaunguruma, kisha kikarukaruka kwa gesi inayosukumwa kutoka chini, ni ishara kwamba ringi za pistoni zimekwisha na mgandamizo unavuja kwenda kwenye sampu.

Chasisi hukaguliwa kwa nyundo ndogo na bisibisi. Chuma kizima hutoa mlio mkali, chuma kilicholiwa hutoa mlio mfu, na mahali palipopakwa lami nyeusi nzito hivi karibuni panastahili kugongwa mara mbili. Sehemu za kuangaliwa kwa makini ni pale mikono ya springi inaposhikizwa, pale boksi ya stelingi ilipofungwa, ambapo mitikisiko ya barabara zenye mawimbi ya vumbi huleta nyufa nyembamba kama unywele, na pale bodi inapokaa juu ya raba zake. Gari lililopata ajali na kunyooshwa hutambulika kwa kamba: hupimwa kutoka nukta ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kutoka ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, na vipimo hivyo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya kiasi kidogo, fremu imepinda na tairi zake zitalika upande mmoja daima. Kasoro za rangi, viti vilivyochanika na kioo chenye ufa ni za kupunguzia bei tu. Hakuna hata moja inayozuia safari.

Katika ekseli ngumu za mbele, mpira wa chuma uliofunika jointi ya gurudumu unapaswa kuwa na utando mwembamba wa grisi. Ukiwa umelowa mchanganyiko mwepesi wa grisi na oili, sili ya ndani imekufa na oili ya difu inahamia kwenye jointi. Kazi ya kuitengeneza si ya gharama kubwa ila ni chafu na ndefu. Baadaye gari huendeshwa kwenye ardhi laini likiwa katika 4L, stelingi ikiwa imekatwa hadi mwisho kwa kila upande, huku dereva akisikiliza mlio wa tik-tik-tik, ambao ndio mlio wa jointi iliyokwisha. Gari ambalo kijiti chake cha transfa hakisogei kabisa huambatana na maelezo kwamba halijawahi kutumia foo-wili, na maelezo hayo yanaweza kuwa ya kweli kabisa, kwa kuwa kijiti kisichotumika miaka kumi hushika kutu.

Vipuri ndivyo vinavyoamua kama gari la bei nafuu litabaki la bei nafuu. Gerezani jijini Dar es Salaam na Kirinyaga Road jijini Nairobi huuza mpya za asili, mpya za kuiga, na zilizotumika, na nyingi za hizi za mwisho hupitia yadi za Sharjah, ambako magari mabovu ya Ghuba huchinjwa na kusafirishwa vipande vipande. Injini, gia boksi na ekseli za huko zinaweza kuwa nzima kuliko chochote kinachopatikana hapa, lakini Ghuba huendesha kwa upande wa kushoto wa gari, hivyo stelingi na dashibodi zake hazina maana kwa mnunuzi wa hapa, na Land Cruiser za huko kwa sehemu kubwa ni za petroli. Hatari isiyoonekana kwa macho iko katika difu. Kila difu ina uwiano wake wa meno, tuseme 4.1 au 3.9, na gari la magurudumu manne linataka mbele na nyuma ziwe na uwiano mmoja. Mtu anayefunga difu ya nyuma ya mtumba bila kuhesabu meno atatembea salama lamini kwa miezi, kisha siku atakapoweka 4H ataivunja transfa na asijue sababu.

Kujenga gari kwa maana yake ya kweli huanza kwa kulirudisha lilivyotoka kiwandani. Breki, mipira ya breki, bushi, beringi za magurudumu, shokapu, oili zote tano za injini, gia boksi, transfa na difu mbili, rejeta iliyozibuliwa, mkanda wa taiming usio na historia kubadilishwa hata kama unaonekana mzima: kazi hizi hazipigwi picha na hula sehemu kubwa ya fedha, na kwa sababu hiyo ni busara mnunuzi kuweka kando walau theluthi ya bajeti yake kabla hajaanza kutafuta gari. Escudo iliyofanyiwa hayo yote na kuachwa na sura yake ya zamani itafika mahali ambapo Land Rover iliyoinuliwa, iliyojazwa taa na winchi juu ya rejeta iliyoziba, itaonekana ikichemka kando ya njia.

Baada ya matengenezo, tairi ndiyo nyongeza ya kwanza yenye faida. Tairi za kashata, zenye meno makubwa yanayojisafisha tope, hubadilisha uwezo wa gari kuliko kifaa kingine chochote cha bei ileile, ingawa hupiga kelele na huteleza kidogo kwenye lami iliyolowa. Ukubwa wake unahitaji hesabu. Suzuki ya SJ413 iliyokuwa na tairi ya 205/70R15, yenye kipenyo cha takriban sentimita 67, ikifungwa 235/75R15, yenye kipenyo cha takriban sentimita 73, huinuka kwa sentimita tatu na kidogo chini ya difu. Hata hivyo kila mzunguko wa gurudumu sasa unakwenda mbali zaidi kwa karibu asilimia 10: spidomita ikionesha 80 gari liko 88, gia zote zimekuwa nyepesi mno kwa injini ile ndogo, na breki zilezile zinapaswa kusimamisha kitu kizito zaidi. Ndipo mahali pazuri pa kukomea kwa gari la namna hiyo. Kinachofanya kazi zaidi ya ukubwa ni upepo: tairi iliyojazwa paundi 32 kwa barabara, ikipunguzwa hadi 18 au pungufu kidogo kwenye mchanga, hurefuka sehemu yake inayokanyaga ardhi na gari hupita lilipokuwa likizama. Kipimo cha upepo na kipampu kidogo cha kujazia vinagharimu sehemu ndogo sana ya bei ya winchi.

Kuinua gari kwa springi ndefu au kwa vipande vya kuinulia bodi ndicho kinachotamaniwa kuliko vyote, na ndicho kinachoeleweka vibaya kuliko vyote. Kwenye gari la ekseli ngumu, springi ndefu huinua chasisi na bodi, lakini difu hubaki palepale, kwa kuwa imo ndani ya ekseli na ekseli inakaa juu ya tairi. Ni tairi pekee inayoinua difu. Faida ya springi ni nafasi ya tairi kubwa na pembe bora za kupandia na kushukia kingo, na gharama yake ni kitovu cha uzito kilichopanda, krosi jointi za propela zinazofanya kazi katika pembe kali, na mipira ya breki inayovutika gurudumu linaposhuka. Sentimita tano hustahimilika bila kuvuruga mengine. Zaidi ya hapo kila badiliko hudai badiliko jingine, na gari la bei nafuu huacha kuwa la bei nafuu.

Maji nayo yana mambo yake. Mkonga, yaani bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi usawa wa paa, huikinga injini isimeze maji, ambayo hayagandamiziki na hupinda fimbo za pistoni mara moja. Lakini mkonga wenye kiungo kimoja kisichozibwa chini ya boneti ni pambo. Kisichotazamwa na wengi ni vipumulio vya difu. Difu iliyokwenda kilomita nyingi huwa ya moto, na ikizamishwa ghafla katika mto hewa iliyomo hupoa na kunywea, ikavuta maji kupitia sili. Bomba dogo la mpira linalokipandisha kipumulio hadi ndani ya boneti huondoa tatizo hilo lote kwa gharama ya chakula cha mchana.

Kazi ya kukata na kurefusha chasisi ni ya watu wachache, na gereji za Arusha zimejijengea ustadi mkubwa ndani yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya magari yanayobeba watalii kwenda Serengeti na Ngorongoro ni Land Cruiser zilizorefushwa na kutobolewa paa linaloinuka. Kinachotofautisha kazi njema na mbovu ni namna chuma kilivyokatwa. Mkato wa wima ulionyooka huuweka mchomeleo wote katika mstari mmoja, na mzigo ukibonyea hapo chuma hufunguka kama kitabu. Mkato wa mshazari, ulioimarishwa kwa mabamba yenye ncha zilizochongoka pande zote, huusambaza mkazo huo katika urefu mkubwa. Mnunuzi wa gari lililowahi kuwa la utalii, ambalo hushuka bei sana likichoka, anapaswa kulala chini yake na kuutafuta mkato huo kabla ya kuuliza bei.

Ujenzi uliovuka mipaka yote una mahali pake pia. Katika Rhino Charge, shindano linalofanyika Kenya tangu mwaka 1989, lililoanzishwa ili kuchangia shirika la uhifadhi la Rhino Ark na uzio wa umeme wa hifadhi ya Aberdare, washiriki hutakiwa kufika vituo 13 ndani ya saa 10 kwa kupita njia fupi iwezekanavyo, hata kama njia hiyo ni ukingo wa bonde. Huko loki za difu zinazoyafunga magurudumu mawili yazunguke pamoja, vizimba vya mabomba vya kumlinda dereva gari likibiringika, na winchi zenye uwezo wa kuvuta mara moja na nusu ya uzito wa gari si mapambo. Gari lililojengwa kwa siku hiyo moja, hata hivyo, linachosha kuliendesha hadi sokoni, hunywa mafuta kupita kiasi, na likifika sokoni kuuzwa hupata wateja wachache, kwa sababu gharama zilizomwagwa ndani yake hazirudi. Mwenye kutaka kulinunua likiwa limetumika anaweza, kwa hali hiyo, kupata ekseli na loki kwa sehemu ndogo ya thamani yake, iwapo yuko tayari kuvihamishia kwenye chasisi nyingine.

Gari lililokwisha kujengwa halipaswi kupelekwa moja kwa moja safari ndefu. Springi mpya hukaa sawa baada ya kubeba mzigo, na nati za bolti za U zinazozishikiza kwenye ekseli hulegea katika kilomita 500 za mwanzo, kwa hiyo safari ya kwanza huwa ya karibu, ikiwa na mzigo kamili na tangi lililojaa, na hufuatiwa na kukaza upya kila nati iliyoguswa. Vifuniko vya oili vya difu na transfa hufunguliwa baada ya kuvuka maji kwa mara ya kwanza. Oili ikitoka na rangi ya maziwa, humwagwa siku hiyohiyo, sili hutafutwa, na kipumulio hukaguliwa upya.